Namna ya kumtoa steringi wako kwenye ukatili mpaka awe kiongozi mwenye huruma bila wasomaji kukucheka

Wakuu habari, wale mnaoandika simulizi za kufikirika, zile za mikuki, mizimu na falme ambazo hazipo kwenye ramani yoyote, hii ni ya kwenu. Mi niko Moshi, Pasua, mchana nauza kava za simu na chaji, usiku naandika episodi natuma kwenye magrupu, mwaka wa tano huu. Kuna kitu kimoja kimenitesa kuliko vyote na naona na nyie mnateseka nacho: una steringi, yani mhusika mkuu, mkali, muuaji, akikohoa watu wanahama njia, afu unataka mpaka mwisho awe kiongozi anayejali watu wake. Unamvushaje?

Mara ya kwanza niliharibu vibaya. Steringi wangu anaitwa Kisaro. Episodi ya 11 anachoma kijiji, ya 12 anaona mtoto analia kwenye majivu, ya 13 anagawa maziwa. Mama mmoja anauza ndizi pale Mbuyuni, msomaji wangu wa siku nyingi, akatuma voisi kwenye grupu, "Mwanangu, huyu Kisaro ameokoka lini? Mbona hukutualika?" Aisee walicheka wiki nzima, wakawa wanamwita Mchungaji Kisaro. Nikafuta kuanzia ya 9 nikaanza upya, na hizi hatua nimezipata kwenye huko kuanza upya, sijasoma chuo cha uandishi mimi.

Kabla ya yote shika hili: ukali hauondoki, unahama. Mtu aliyekuwa mkali akiwa kiongozi mwema bado ni mkali yuleyule, ila ukali uliokuwa kwenye ncha ya mkuki sasa umehamia kwenye kukesha wenzake wakilala, kwenye kukataa ng'ombe wa rushwa, kwenye kumsikiliza mzee anayerudia neno lilelile mara nane bila kumkatisha. Ukimlainisha tu umemuua, umeleta mtu mwingine ukampa jina lake, na msomaji anajua.

Hatua ya 1: Jua ukali ulikuwa unamfanyia kazi gani

Chukua daftari, daftari kweli sio simu maana kwenye simu utaishia kuangalia status za watu, andika juu "ukali unampa nini?" Usiandike "ni mkali kwa sababu baba yake aliuawa", hiyo kila mtu anayo, magrupu yote yamejaa mayatima wenye mapanga. Andika faida anayoipata leo asubuhi.

Kwa Kisaro ilinijia nilipoenda Marangu kuona yale mapango ya chini ya ardhi, pale ambapo Wachagga walikuwa wanajificha na mifugo yao wakati wa vita. Unaingia umeinama mpaka mgongo unalalamika, giza, njia nyembamba, na mlinzi mmoja mlangoni anatosha kuzuia kundi zima kwa sababu wanaingia mmojammoja. Nikakaa pale nikawaza, huyu mlinzi akisikia adui wanakuja na mdogo wake bado yuko nje na mbuzi, anafanyaje? Afungue asubiri, au afunge?

Kisaro alifunga. Ana miaka 14, alifunga, watu 60 ndani wakapona na mdogo wake hakuonekana tena. Watu wakamsifia. Yani hapo ndo nikampata, kwamba ukali wake wote ni ule mlango. Akiogopwa hakuna anayemuuliza kuhusu mdogo wake, akiitwa shujaa basi alichofanya kilikuwa sawa, na akianza kuhurumia mtu yeyote yule itabidi ajiulize kwanini hakumhurumia wa kwake. Kwahiyo kila huruma ndogo inamuuma kama kutoa mwiba. Ukifika hapo simulizi inaanza kujiandika yenyewe, we unabaki kuchapa tu.

Hatua ya 2: Mpe miiko, mbegu ya huruma iwe humo ndani

Hapa wengi wanakosea, wanadhani mpiganaji mkatili ni mtu asiye na sheria. Wapiganaji wa kweli wa huku kwetu wana sheria kuliko mahakama. Chalii wangu mmoja wa Arusha, mama yake ametokea Monduli, ndo alinifungua macho. Morani wa Kimasai hali peke yake wala hanywi maziwa peke yake, lazima awe na mwenzake wa rika. Fikiria hiyo, huyu ndo tunamwona mtu wa simba na sime lakini hawezi kunywa kibuyu cha maziwa mpaka apate wa kunywa naye. Ile ni sheria ya kivita na hapohapo ni sheria ya kujaliana, huwezi kumwacha mwenzako na njaa.

Na kuna eunoto, ile sherehe ya morani kuanza kutoka kwenye umorani kwenda ukubwani, ambapo mama yake mzazi anamnyoa zile nywele ndefu alizozipaka udongo mwekundu miaka yote. Daah, vile naipenda hii. Jitu zima lililokuwa linatisha linakaa chini, mama anashika kichwa, nywele zinadondoka. Hakuna anayemwambia "sasa uwe mpole", mkono wa mama na wembe umemaliza maneno. Alafu laigwanani, kiongozi wa rika, hawamtafuti anayepiga sana, wanaangalia nani anajua kusikiliza na kuongea bila hasira.

Sikwambii ukopi mila za watu uzitie kwenye ufalme wako wa mawinguni kama zilivyo, wenyewe watakushukia na watakuwa na haki. Nakwambia angalia zinavyofanya kazi afu tunga za kwako. Kisaro na wenzake wana mwiko mmoja, mpiganaji havuki kizingiti cha mtu bila kuitwa, hata nyumba ikiwaka. Episodi za mwanzo mwiko huu unafanya waonekane katili, wanasimama nje nyumba inaungua. Episodi ya 34 mwiko huohuo ndo unamfanya akatae kuingia kwa nguvu kwenye nyumba za watu kukagua chakula kilichofichwa wakati wa njaa, wazee wa baraza wanamlazimisha yeye anagoma. Mwiko haukubadilika, mtu ndo amebadilika, na sikuandika hata sentensi moja kueleza.

Hatua ya 3: Ufa wa kwanza uwe mdogo, na asiuone mtu

Usianze na mtoto anayelia kwenye majivu, mi nimeshaumia hapo. Tukio kubwa la machozi linamlazimisha mtu ahurumie, hata jambazi atahurumia, halitwambii chochote kuhusu yeye. Tafuta kitu kidogo kinachohitaji mikono yake.

Kwangu ni mbuzi anazaa usiku. Kisaro yuko zamu, mbuzi wa bibi fulani amekwama, mtoto amekaa vibaya, bibi amelala. Mikono inayojua kuchinja tu inabidi ijue kuvuta taratibu, kungoja, kuvuta tena. Nimeandika ukurasa mzima na nusu mbuzi tu, damu, ute, ile joto ya kwenye vidole. Kamtoto kakasimama kakaanguka. Kisaro akanawa, akaondoka, hakumwambia mtu.

Na kesho yake akampiga kijana wake mmoja vibaya kwa kosa la kijinga. Usisahau hii. Mtu wa hivi akisogea mbele hatua moja anaogopa, anarudi nyuma mbili. Ukimpeleka mbele tu kama basi la Dar msomaji anashuka njiani.

Hatua ya 4: Huruma yake ya kwanza ya hadharani ilete maafa

Hii ndo hatua watu hawataki kabisa, tunapenda huruma ilipwe. Anamwachia mateka, mateka anarudi kuwa rafiki wa kufa na kuzikana. Hapana mzee. Kama huruma inalipa kila mara basi hiyo sio huruma ni biashara, mimi mwenyewe nauza kava najua biashara ikoje.

Kisaro anamwachia kijana wa upande wa adui, miaka 14 ileile ya kwake, kwa sababu ameona mlango ule tena na safari hii anataka kufungua. Yule kijana anaenda, na baada ya mwezi anarudi akiwaongoza wenzake kwa njia ya siri aliyoiona alipokuwa mateka. Anakufa Mrua, mwenzake Kisaro wa rika, yule wa kunywa naye maziwa. Mrua ana mke na watoto wawili.

Sasa ndo tujue huyu ni nani. Jeshi zima linamwangalia. Kurudi kuwa mkali wa zamani ni rahisi na kila mtu atampigia makofi. Nilimwacha episodi tatu nzima anarudi nyuma, anakamata, anafunga watu, hacheki, halali. Alafu anakamatwa mateka mwingine, na anamwachia tena, ila safari hii amemfunga macho njia nzima na amemsindikiza mwenyewe usiku kucha mpaka mpakani kwa mguu wakati ana jeraha la paja. Umeona tofauti? Ya kwanza ilikuwa huruma ya kujitibu yeye, ya pili ina akili na inamuuma mguu. Kama huna nafasi ya kuandika hatua zote basi andika hii, nyingine ruka.

Hatua ya 5: Uchawi usifanye kazi yako

Fupi tu. Najua dunia yako ina mizimu na pete na mto unaoongea. Vizuri. Ila mzimu usimguse kifuani akaamka mwema, na mganga asimnyweshe dawa ya moyo. Uchawi uongeze bei. Mkuki wa Kisaro unakuwa mwepesi kila akiua na mzito kila akiacha, kwahiyo kadiri anavyokuwa mtu ndo anavyozidi kuhangaika kuubeba, mpaka kufika episodi ya 30 anautumia kama mti wa kuanikia nguo. Basi.

Zoezi kabla hujaendelea

Andika tukio moja mara tatu: ameletewa mwizi wa mbuzi, kafungwa kamba. Mara ya kwanza Kisaro wa episodi ya 2, mara ya pili wa 18, mara ya tatu wa 38. Mwizi yuleyule, mbuzi yuleyule, maneno ya walalamikaji usibadilishe hata moja. Kama matoleo yote matatu yanatofautiana hukumu tu, hujafika. Angalia amekaa au amesimama, amemwangalia nani kwanza, ameuliza maswali mangapi, nani amefungua kamba. Wa kwangu wa 38 anauliza swali moja tu, "umekula lini?", na faini anatoza vilevile, mbuzi wawili kwa mmoja. Faini hakuiondoa. Hapo nilijua nimempata.

Hatua ya 6: Mtoe vitani, mkalishe kwenye kesi

Mwaka 1892 watu wa Mangi Meli, chifu wa Wachagga wa hapa Moshi, waliwapiga Wajerumani, von Bülow aliyekuwa anawaongoza akafa, na mwaka uliofuata Wajerumani wakarudi na nguvu kubwa zaidi wakashinda, na tarehe 2 Machi 1900 Meli akanyongwa Old Moshi pamoja na viongozi wengine. Nayakumbuka haya kila nikiona mtu anamaliza simulizi kwenye vita kubwa ya ushindi, bendera juu, mwisho. Asubuhi yake je? Kuna maiti za kuzika, kuna mashamba hayajalimwa, kuna adui hajamaliza. Uongozi uko kwenye hiyo asubuhi, mkiweka vita mwishoni mnaikimbia.

Nenda kwenye maji. Wachagga tuna mifongo, ile mifereji ya zamani inayotoa maji mtoni juu mlimani inashuka nayo mpaka vihambani, yale mashamba ya migomba ya nyumbani, na maji yanaenda kwa zamu, na siku ya kuisafisha usipotokea unatozwa. Humo kuna kila ugomvi unaoutaka. Kisaro nimempa koo mbili, moja imebomoa ukingo wa mfongo usiku ili ijaze kwake, migomba ya wenzao imekauka, mtu kapigwa panga la bega. Kisaro wa zamani angekata mkono wa mtu kabla chai haijachemka.

Toleo langu la zamani lilikuwa hivi, nalileta mcheke: "Kisaro alihisi huruma kubwa ikimjaa moyoni. Enyi watu wangu, alisema, tupendane, kwani sisi sote ni ndugu."

La sasa ni hivi:

"Siku ya tatu wakaishiwa maneno. Kisaro akasimama, akachukua jembe la mtu aliyekuwa karibu.
– Usiku nani zamu ya kulinda mdomo wa mfongo?
– Mzee Ndeka.
– Mzee Ndeka akalale kwake.
Akapanda mlima. Wale wa koo mbili wakatazamana, hakuna aliyekuwa amesikia hukumu. Asubuhi maji hayakushuka. Wakapanda kuangalia, wakamkuta amekaa juu ya lango la maji na jembe magotini.
– Ukingo ukikamilika nafungua, akasema. Majembe mmekuja nayo?"

Siku mbili amekaa pale kwenye baridi. Mlinzi wa mlango yuleyule wa pangoni, ukali uleule, kafunga tena, ila safari hii yeye ndo yuko nje. Sikuandika neno huruma popote kwenye hiyo episodi na ndo episodi iliyosambazwa kuliko zote nilizowahi kutuma.

Hatua ya 7: Mdomo

Mpiganaji akiwa kiongozi usimpe ghafla hotuba za mbunge. Aongee kidogo vilevile, ila abadilishe anaongea na nani. Mwanzo anaongea na wenye silaha tu, baadae anaanza kuuliza wanawake mtoni, watoto wanaochunga mbuzi, mlevi wa mbege anayejua kila kitu kijijini. Akilazimika kuongea mbele ya watu iwe kwa sababu mkuki haufiki huko. Wameru wa hapo jirani, mwaka 1951 walihamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili ardhi ipewe walowezi, na 1952 mwakilishi wao Kirilo Japhet akaenda mpaka New York kuieleza Umoja wa Mataifa. Ardhi haikurudi siku hiyo, lakini hebu jiweke mahali pake, umetoka Meru, unasimama mbele ya ukumbi ule na maneno tu. Mpe steringi wako ukumbi kama huo, sehemu ambayo sifa zake za vita hakuna anayezijua wala kuzijali, muone anavyotetemeka. Kisaro alitapika kabla ya kuingia.

Hatua ya 8: Awepo mtu mmoja asiyemsamehe, na awe na sababu nzuri

Wengi wanaweka aliyechomewa nyumba enzi za ukatili. Sawa, ila mi nimeenda kwingine. Anayemchukia Kisaro ni mke wa Mrua. Ukatili wa Kisaro haukumgusa kabisa, kilichomuua mumewe ni huruma yake. Kwahiyo kila watu wakimsifia Kisaro kwa wema, yeye anasikia jina la mumewe. Huwezi kumjibu huyo mwanamke, nimejaribu, hajibiki, na ndo maana anambakisha Kisaro macho asije akajipenda kwa wema wake.

Wasomaji wamenisumbua miezi miwili, amsamehe, amsamehe. Nikaona basi Kisaro apeleke isale. Kwa wasiojua, hilo jani kwa Wachagga ukikosea ukalipeleka kuomba radhi ni ngumu sana mtu kukukatalia, na masale hayohayo ndo tunayapanda kuonyesha mipaka ya kihamba, hapa ni pangu pale ni pako. Hivyo viwili viko kwenye mmea mmoja na nilikuwa nimeishi nao miaka yote bila kuviona.

Episodi ya 39, Kisaro anaenda asubuhi na tawi la isale lenye mizizi, anasimama nje ya kizingiti maana hajaitwa. Mwanamke anatoka, analipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Halafu anachukua jembe, anampita, anaenda kulipanda mpakani, kati ya kihamba chake na cha Kisaro.

Grupu likawaka moto. Wengine amesamehe, wengine hajasamehe, mmoja akatoka grupu kabisa. Mama wa ndizi akatuma voisi ya sekunde nne, nyuma unasikia makonda wanaita abiria wa Himo: "Huyo mwanamke namjua."